Atakaa na Nani? Nilivyochagua Akina Dada wa Kukaa Nao Kansanga



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, kila mwaka ikikaribia Agosti hupigiwa simu na akina mama wa mtaani kwetu Tanga. Binti amepata chuo Kampala, nao wanajua kwamba mimi nilisoma huko. Wananiuliza ada ni kiasi gani, hosteli iko mbali na chuo au karibu, chakula cha huko tutakiweza, basi linachukua siku ngapi. Ni maswali ya maana na ninayajibu yote. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kuulizwa, na kwangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote: huyu mtoto atakaa na nani? Sisemi chumba, nasema watu. Akina dada gani watakuwa wake, wa kumwamsha swala ya alfajiri, wa kumpeleka hospitali usiku, wa kumwambia ukweli akianza kuteleza?

Nimeona niliandike jambo hili kwa faida ya wazazi na wanafunzi, hasa wale wanaohamia chuo katikati ya masomo.

KANSANGA NI MAHALI GANI

Kansanga iko upande wa kusini wa Kampala, kando ya barabara ya Ggaba inayoteremka mpaka Ziwa Viktoria. Ukitoka katikati ya mji unapita Kabalagala kwanza, kisha unafika Kansanga. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIU, kilichoanza mwaka 2001, na karibu yake kipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika Mashariki. Kwa sababu ya vyuo hivi, vilima vyote vimejaa hosteli, na ndani ya hosteli utakuta Watanzania, Wakenya, Wasomali, Wasudani Kusini, Wakongo, Wanyarwanda na wenyeji kutoka kila pembe ya Uganda. Jioni barabara inanukia rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, na bodaboda hazinyamazi mpaka usiku wa manane.

Mimi nilifika huko Agosti 2014. Chuo nilichoanzia nyumbani kilikuwa kimesimamisha kozi yetu tulipomaliza mwaka wa kwanza, na baba aliuza kiwanja cha Pongwe ili nisikae bure. Nilipanda basi Segera, tukapita Namanga, Nairobi na Busia, nikafika Kampala miguu imevimba.

Anayehamia ana taabu yake ambayo anayeanza mwanzo haijui. Baadhi ya masomo niliyokwisha kufaulu yalihesabiwa, mengine nikaambiwa niyasome upya. Matokeo yake asubuhi nilikuwa nakaa na wa mwaka wa kwanza, mchana nakaa na wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza walikuwa wamefika pamoja na wanapotea pamoja. Wa mwaka wa pili walishajipanga, kila mmoja ana kiti chake na mwenzake. Mimi sikuwa na darasa la kuliita langu.

UCHACHE WA AINA TATU

Kwetu Tanga sikuwahi kujiona mchache. Adhana inapishana kutoka misikiti mitano, na Tanzania sensa haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967, kwa hiyo hata hesabu hatuna. Uganda wanauliza, na sensa ya mwaka 2014, mwaka ule ule niliofika, ilihesabu Waislamu kuwa kiasi cha asilimia 14 ya watu wote. Huo ndio uchache wa kwanza.

Uchache wa pili ni wa lugha. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini mtaani mambo ni mengine. Wazee wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili midomoni mwa askari, miaka ya Amin na baada yake, na mpaka leo wapo wanaokiona ni lugha ya amri na ya wizi. Mara ya kwanza niliposema "shikamoo" dukani, mama muuzaji aliniangalia, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama mume wangu ni mwanajeshi!

Uchache wa tatu ni huo wa kuhamia.

Na juu ya hayo matatu kulikuwa na kivuli. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuliwa Kampala, moja katika mkahawa wa Kihabeshi pale Kabalagala na mengine katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu zaidi ya 70 walipoteza maisha, na Al-Shabaab wakajitangaza kuwa wao ndio waliofanya. Kutoka Kabalagala mpaka hosteli yetu ni mwendo wa miguu. Miaka minne ilikuwa imepita, lakini msichana mwenye buibui na mkoba mkubwa bado alikuwa anasimamishwa mlangoni muda mrefu kuliko wenzake. Kisha kuanzia mwaka 2012 masheikh kadhaa wa Uganda walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Desemba 2014 aliuawa Sheikh Mustafa Bahiga, na mwishoni mwa Juni 2015, katikati ya Ramadhani, akauawa Sheikh Hassan Kirya. Kila habari ilipofika Tanga, mama alipiga simu. "Rudi nyumbani mwanangu, kiwanja kimeshakwenda, na wewe usiende."

Katika hali hiyo, kuchagua watu wa kukaa nao halikuwa jambo la kujifurahisha.

WENZETU WA MAREKANI

Baadaye nilisoma kwamba swali langu wameliuliza pia dada zetu wa mbali. Vyuo vya Marekani vina vyama vya udada, ambavyo majina yake ni herufi za Kigiriki. Msichana anaomba kuingia, anapimwa, na akikubaliwa anakuwa dada wa wale wenzake maisha yake yote. Wamarekani weusi walianzisha cha kwao cha kwanza, Alpha Kappa Alpha, mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, na kimesaidia wengi. Lakini msichana Mwislamu anapofika mlangoni anakutana na mambo ya pombe, dansi za mchanganyiko na mavazi. Imani Abdul-Haqq, aliyekuwa mwanafunzi katika jimbo la North Carolina, alitaka udada na hakuona pa kuingia na hijabu yake. Mwaka 2005 yeye na mama yake, Dkt. Althia Collins, wakaanzisha chama cha udada kwa misingi ya Kiislamu, Gamma Gamma Chi. Mwaka 2016 kikaanzishwa kingine, Mu Delta Alpha, katika Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas.

Huku kwetu vyama vya aina hiyo havikuwa desturi. Kilichokaribia ni udugu wa mabweni pale Makerere, ambako kwa miaka mingi wasichana wa bweni la Mary Stuart walijiita jina moja na wavulana wa bweni la Lumumba, wakashangilia pamoja na kusherehekea pamoja. Kansanga wengi tulikaa hosteli za watu binafsi, kwa hiyo hata udugu wa bweni haukuwepo. Vikundi vilijiunda vyenyewe, na kwa msichana kama mimi milango ilikuwa mitatu.

MILANGO MITATU

Wa kwanza ulikuwa umoja wa wanafunzi wa Kitanzania. Humo nilisikia lugha yangu. Wavulana walinibebea sanduku siku ya kwanza, wakanionyesha wapi pa kubadilisha fedha bila kuibiwa na wapi pa kupata mchele unaofanana na wa Mbeya. Wana katiba, wana ada kila muhula, na ada hiyo wanaiheshimu, maana mtu akifiwa au akifa wanachanga. Tatizo lilikuwa mikutano yao mingi ya furaha ilikuwa Jumamosi usiku Kabalagala, na vinywaji mezani unavijua. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini kila mara nilikuwa ni yule anayeondoka saa mbili.

Wa pili ulikuwa kikundi cha wasichana wa hosteli yetu. Walikuwa kumi na wanne, karibu wote Wakristo, wenyeji na Wakenya. Hawa ndio waliofanana zaidi na ule udada wa Marekani. Walikuwa na fulana za rangi moja, jina lao, ada ya kujiunga ya shilingi 50,000 za Uganda, na kiapo cha kutotoa siri nje. Walinipenda, na mimi niliwapenda. Walipika pamoja, walisomeshana hesabu mpaka usiku, na mmoja alinitembeza soko la Owino siku nzima kutafuta blanketi la bei ya chini. Wakaniambia, "Njoo, dini yako haitusumbui." Nami naamini walisema kweli. Ila nilipouliza kiapo kinasemaje, nikajibiwa utakijua ukishaingia.

Wa tatu ulikuwa halaqa ya akina dada wa Kiislamu, kila Jumapili baada ya alasiri. Ungedhani huo ndio ungekuwa mwepesi, kumbe ulikuwa mgumu kuliko yote. Darsa ilikuwa kwa Kiganda. Nilikaa majuma matatu nikielewa aya tu, kwa kuwa Qur'an ni ile ile. Waliniita "Hajati" kama wanavyomwita kila mwanamke Mwislamu Kampala, wakanisalimia kwa kupiga goti kwa adabu yao nzuri, kisha wakarudi kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Na dada mmoja aliniuliza swali ambalo mgeni hana jibu lake: wewe uko upande wa Old Kampala au wa Kibuli? Maana tangu mwaka 2009 Waislamu wa Uganda walikuwa na uongozi wa pande mbili, Baraza Kuu lenye makao yake Old Kampala na wale waliomtambua mufti mwingine kule Kibuli. Nikamjibu mimi ni wa upande wa Tanga. Walicheka, na mambo yakapoa, lakini niliondoka nikijiona mgeni kuliko nilivyokuwa kwa wale Wakristo wa hosteli.

Nilimpigia mama nikamweleza yote matatu. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alinipa kipimo ambacho sijapata kukiona kitabuni. Alisema, "Mwanangu, usitazame wanavyocheka. Tazama wanavyozika." Akanihimiza niswali istikhara na nisitoe hela ya mtu kabla muhula haujaisha.

ULIPOFIKA MSIBA

Sikuyaelewa maneno ya mama mpaka Novemba. Katika hosteli ya jirani alikuwepo binti wa Kitanzania kutoka Ujiji, Kigoma, Mwislamu, wa mwaka wa tatu. Alishikwa na malaria ikapanda kichwani, na usiku wa kuamkia Ijumaa akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Allah amrehemu na amkunjulie kaburi lake.

Alfajiri ile vikundi vyote vitatu vilikuwa barabarani. Umoja wa Watanzania walikuwa wameshaanza kuchanga kabla jua halijatoka. Mwenyekiti wao, kijana Mkristo kutoka Mbeya, alishika daftari macho yamemvimba kwa kulia. Kwao jambo lilikuwa wazi, kwamba mwenzetu hazikwi ugenini. Litafutwe jeneza, ikodiwe gari, apitishwe Mutukula mpaka Kigoma kwa wazazi wake, hata kama ni safari ya siku mbili na zaidi. Akina dada wa halaqa nao walikuja na sanda, karafuu maiti na majani ya mkunazi. Kwao pia jambo lilikuwa wazi, kwamba maiti wa Kiislamu hacheleweshwi, atasaliwa leo baada ya Ijumaa na kuzikwa leo. Pande zote mbili zilikuwa zinampenda, na zilianza kupandishiana sauti. Wale wanasema kwa Kiswahili, hawa wanasema kwa Kiganda, na Kiingereza cha kila mtu kilikuwa kimekatika kwa majonzi.

Nikaitwa mimi. Kati ya wote waliokuwepo pale, mimi ndiye niliyekuwa nimeingia milango yote.

Tulimpigia baba yake Ujiji. Imamu alisema neno kwa Kiingereza, nami nikamweleza mzee kwa Kiswahili. Nilimwambia wenzake wanataka kumleta nyumbani na fedha inapatikana, na Waislamu wa hapa wako tayari kumzika leo, uamuzi ni wako baba. Mzee alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Wapo wanawake Waislamu wa kumwosha?"

Nikamwambia, "Wapo baba. Na mimi nimo."

Akasema, "Basi mzikeni. Mniombee radhi kwake."

Mwenyekiti aliposikia hayo kutoka kinywani kwa mzee mwenyewe, alifunga daftari lake, akasema, "Mzee kaamua." Hakubishana tena.

Tuliingia wanne kumwosha. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo, mwenyeji, aliyeitwa kutoka mtaani na akina dada wa halaqa. Hakujua Kiswahili, wala mimi sikujua Kiganda cha kutosha, lakini kazi ile haina maneno mengi. Kuanzia kulia, viungo vya udhu, mara tatu, maji ya mwisho yenye karafuu maiti, nywele kusukwa mafundo matatu, sanda vipande vitano. Nilikuwa nimemwona bibi yangu akifanya hivyo hivyo Tanga. Tulipomaliza yule mama alinishika mikono akaniambia, "Nga kitalo," ambayo ndiyo pole yao ya msiba.

Tuliporudi kutoka makaburini tulikuta wasichana wa hosteli, wale wa fulana moja, wamepika matoke, wali na maharage kwa ajili ya watu wote. Nyama hawakupika. Walisema walihofia kutukosea kwa kuwa hawajui aliyechinja.

Na zile fedha zilizochangwa? Umoja wa Watanzania walikaa kikao, wakaamua zimlete mama wa marehemu na mjomba wake Kampala waone kaburi na kuchukua vitu vyake. Walifika baada ya siku nne. Mama yule alilala nyumbani kwa yule yule mwanamke aliyemwosha binti yake. Hawakuwa na lugha moja, na kila asubuhi niliwakuta wamekaa jikoni pamoja.

NILIVYOAMUA

Baada ya msiba ule niliamua. Halaqa ikawa nyumbani kwangu. Sikuichagua kwa kuwa walikuwa wachangamfu kuliko wengine, maana hawakuwa. Niliichagua kwa sababu nilijiuliza, nikifa mimi kesho baba atauliza nini? Atauliza swali lile lile la mzee wa Ujiji. Na nilitaka jibu liwepo.

Lakini nikamwendea amira wa halaqa nikamweleza wazi kwamba dada asiyejua Kiganda anaondoka Jumapili na njaa ile ile aliyokuja nayo. Alinisikiliza. Juma lililofuata darsa ilisomwa kwa Kiganda na kufupishwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na mfasiri wa Kiswahili nikawa mimi. Mwezi wa tatu wake walikuja Wakenya wawili wa Mombasa na Mkongo mmoja wa Bukavu, ambao siku zote walikuwa chuoni na hatukuwajua. Suala la Old Kampala na Kibuli tulikubaliana halitaulizwa mlangoni.

Umoja wa Watanzania sikuuacha. Nililipa ada kila muhula mpaka nikahitimu, nikahudhuria mikutano ya mchana na misiba yote. Mikutano ya usiku niliwaambia mapema sitakuja, na hawakuninunia.

Wasichana wa hosteli niliwaambia kiapo nisichokijua siwezi kukila, kwa kuwa kwetu kiapo ni jambo zito. Walihuzunika kidogo, kisha tukaendelea kusoma hesabu pamoja. Ramadhani ya mwaka 2015 watatu kati yao walifuturu nasi karibu kila jioni, na yule wa Owino alijifunza kupika tambi za sukari kunishinda.

USHAURI KWA DADA ANAYEHAMIA CHUO

Kutokana na niliyopitia, naomba nikuusie haya, dada yangu:

1. Swali istikhara, kisha jipe muhula mmoja. Anayehamia ana upweke, na mwenye upweke hununua kitu cha kwanza anachoonyeshwa. Hudhuria kila mahali panapofaa kabla ya kulipa ada ya kujiunga au kutoa ahadi.

2. Usiingie penye kiapo cha siri. Kikundi kinachokutakia mema kitakuonyesha kanuni zake ukiwa bado nje.

3. Tazama saa zao. Vikao vikiwa kila mara vinaangukia magharibi na hakuna anayenyanyuka, au vikiwa kila mara vinaishia mahali pa pombe, ndani ya mwaka mmoja utabadilika bila kujua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwa mfano wa muuza miski na mfua chuma, kwamba kwa rafiki huondoki mikono mitupu, ni ama harufu nzuri ama moshi.

4. Tazama wanavyomtendea mgonjwa, aliyefiwa na aliyeishiwa. Hili ndilo neno la mama yangu na sina la kuongeza.

5. Wenzako Waislamu wakikupokea kwa ubaridi, usiwakimbie haraka. Mara nyingi si chuki, ni mazoea ya watu waliojuana tangu utotoni. Waambie unachokosa, kisha jitolee kukifanya wewe. Mgeni mwenye kazi ndani ya nyumba haendelei kuwa mgeni.

6. Usifanye dini kuwa sababu ya kuwadharau wasio wa dini yako. Katika Suratul Hujurat tumeelezwa kwamba tuliumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Kansanga ni mahali pazuri pa kuitekeleza aya hiyo.

NA KWA WAZAZI

Wazazi wangu, wengi mmeniuliza kwa nini msiwapeleke mabinti katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kile cha Mbale kilichofunguliwa mwaka 1988, ambacho Kampala kina hata kampasi ya wanawake watupu huko Kabojja. Nasema, kama kozi iko na uwezo upo, ni kheri kubwa. Lakini si kila kozi iko huko, na anayehamia huenda pale masomo yake yanapohesabiwa. Kwa hiyo wengine tutaendelea kwenda vyuo vya mchanganyiko, na hata huko kwenye vyuo vyetu binti bado atachagua marafiki.

Mnapopiga simu, msiulize "umesoma?" na "umeswali?" tu. Ulizeni pia: umekula na nani leo? Nani alikuamsha? Ukiumwa usiku huu utamgongea nani? Mkipata majina mawili matatu yanayorudiarudia, yaandikeni na namba zao za simu. Mzee wa Ujiji hakuwa na namba hata moja ya Kampala. Tulimpata kwa kuifungua simu ya marehemu.

Na mkisikia habari za kutisha, kama zile za mabomu au za masheikh, msimwambie arudi kabla ya kumwuliza amezungukwa na kina nani. Mama yangu alikoma kuniambia nirudi siku aliyozungumza kwa simu na yule mama mwenyeji, kila mmoja kwa lugha yake, huku mimi nikifasiri katikati.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi vijana wetu walio masomoni nchi za watu, awakutanishe na wenza wema, amrehemu dada yetu wa Ujiji na marehemu wetu wote, na awape subira wazazi wanaowangoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.